Diski ya Winter's Bone, na Dale Dickey mlangoni

Binti wa mama mdogo alikuja kutoka London siku tatu kabla ya Idi, na ndani ya begi lake, chini ya mitandio na viatu vya watoto, alikuwa na kitu nilichomuagizia tangu mwaka jana: diski ya filamu ya Winter's Bone. Kainunua duka la mtumba kwa paundi moja. Kasha limechubuka pembeni lakini diski yenyewe haina mkwaruzo hata mmoja. Nikamwambia hiyo ndiyo Idi yangu, zawadi nyengine awape watoto.

Filamu hii nilishaiona mara moja kwenye simu, usiku, bando likaisha kabla ya picha kwisha, ikabidi niimalizie siku ya pili. Tangu hapo nilitaka mama'ngu aione kwenye kioo kikubwa. Si kwa ajili ya Jennifer Lawrence, ingawa ndiyo picha iliyomtambulisha na ikampatia uteuzi wake wa mwanzo wa Oscar akiwa na miaka 20. Nilitaka mama amuone bibi mmoja anayetokea mara chache tu, uso umekunjamana kama kanga iliyokaukia kwenye kamba bila ya kukunjuliwa. Jina lake Dale Dickey.

Kwanza diski yenyewe, maana atakayeagiza atakutana na haya haya. Diski za DVD zinazouzwa Uingereza zimefungwa kwa kanda namba 2, yaani eneo la dunia ambako diski inaruhusiwa kuchezwa, na sie Afrika Mashariki tuko kanda namba 5. Deki letu la chini ya TV liliimeza, likazunguka, likaandika kosa, likaitema. Mara tatu. Nikaitoa kompyuta ya zamani ya mdogo wangu, ile yenye sehemu ya diski ubavuni, nayo ikaniuliza kama nataka kubadilisha kanda, ikanionya kuwa nafasi zilizobaki ni nne. Onyo hilo lisomeni vizuri: kompyuta inakubali kubadilishwa kanda mara tano tu, na ile ya tano ndiyo inayoganda hapo moja kwa moja. Kama kompyuta hiyo hiyo ndiyo mnayoangalilia diski nyengine za nyumbani, fikirini kabla ya kubonyeza. Mie nilikubali, nikaazima waya kwa kijana wa jirani anayeonyesha mpira, nikaunganisha na TV, na picha ikatoka safi. Rangi za filamu yenyewe ni za baridi, kijivu na kahawia, mbao kuukuu na majani makavu. Msidhani TV imeharibika.

Kiswahili hakuna kwenye diski, wala sikutegemea. Kiingereza chao ni cha milimani, maneno yanamezwa nusu, na mie niliyesoma Kiingereza skuli nilikuwa nashika sentensi moja, ya pili inanipita. Kwa hiyo nilikaa kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, namtafsiria mama kipande kwa kipande. Baada ya robo saa akanambia niache.

"Usinisemee, mwanangu. Nawaona."

Mama ni mtu wa senema. Usichana wake wote aliumaliza Empire pale Darajani, ambayo leo ni duka, na Majestic kule Vuga, kuangalia picha za Kihindi. Kihindi hajui neno zaidi ya yaliyomo kwenye nyimbo, lakini mpaka leo atakusimulia picha nzima, nani kamdhulumu nani na kwa sababu gani, kwa kusoma nyuso tu. Nilijua hatapotea.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Ree ni msichana wa miaka 17 kwenye milima ya Ozark, jimbo la Missouri huko Marekani. Mama yake ni mgonjwa wa akili, hasemi, na wadogo zake wawili wanamtegemea yeye kwa kula na kuvaa. Baba yake ni mpishi wa metamfetamini, ile dawa wanayoipika wenyewe majumbani. Kakamatwa, kaweka nyumba na msitu wao dhamana, kisha katoweka. Asipofika mahakamani, nyumba inakwenda. Basi msichana anaanza kubisha hodi kwa jamaa zake mmoja mmoja, na kila mlango anaobisha wapo wanaojua baba yake yuko wapi, na hakuna anayesema. Ni dakika 100 tu. Imetengenezwa kwa dola milioni mbili hivi, fedha ambayo kwa sinema za Marekani ni ya nauli, na wamepiga picha hukohuko milimani, ndani ya nyumba za watu. Mwaka 2010 ilichukua tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la Sundance.

Sasa niseme kwa nini nimeandika.

Picha nyingi za dawa za kulevya nilizoziona zinamfuata anayetumia. Tunamuona anatetemeka, anaiba, anaanguka, kisha ama apone ama afe. Hata Debra Granik, mwongozaji wa picha hii, alianzia huko: Down to the Bone ya 2004 inamfuata mama wa watoto wawili, mfanyakazi wa supamaketi, anayevuta kokeini kwa siri, na Vera Farmiga kaiigiza mpaka unaona haya kumtazama. Ni picha nzuri na nyengine za aina hiyo zipo nzuri pia. Lakini nyumba yenye teja ina watu wengine. Ina mtu anayesimama mlangoni. Anayesema hayupo wakati yupo, kalala wakati kajifungia chooni, ana homa wakati ana arosto. Huyo hatumii chochote. Hajapata hata kuishika hiyo pakti. Lakini mwili wake wote umekuwa komeo. Katika waigizaji wote niliowaona, Dale Dickey ndiye anayeijua kazi hiyo ya mlangoni, na Winter's Bone ndipo alipoimaliza.

Kaigiza mke wa mkubwa wa ukoo, jina lake Merab. Anapotokea mara ya kwanza, Ree kasimama uani, baridi, kaja kwa miguu. Merab anatoka nje. Hapigi kelele. Anamuuliza huyu mtoto yeye ni wa nani, kisha anamuuliza kama kwao hakuna mwanamme wa kuja kufanya kazi hii. Hapo nilisimamisha picha, si kwa kutafsiri bali kwa kutaka mama aangalie. Macho ya Dale Dickey yanamhurumia msichana na midomo yake inamfukuza, kwa wakati mmoja, na hakuna kimoja kilicho cha uongo. Anarudi ndani. Anatoka tena na jibu ni kuwa bwana mkubwa hana la kusema naye. Ukimuangalia anavyosimama, mguu mmoja nyuma, utaona kuwa yeye mwenyewe angependa yule mtoto aondoke kabla mambo hayajaharibika, na kwamba mambo yakiharibika mikono itakayofanya kazi ni yake.

Na ndivyo inavyokuwa. Ree anarudi mara ya pili, na wanawake wa nyumba ile wanampiga mpaka anang'oka jino. Ami yake anapokuja kumchukua na kutaka kujua nani kampiga, Merab anatoka mbele na kusema ni yeye na dada zake, hakuna mwanamme aliyemgusa. Anasema kama mtu anayelipa deni la mumewe. Mama'ngu alivuta pumzi, akasema, "Kawafichia."

Mdogo wangu alikuwa barzani muda wote huo. Nilimkaribisha akasema hataki, picha hizo anazijua. Lakini mlango ulikuwa wazi na alikuwa akichungulia. Miaka saba alikula unga. Sasa anakwenda Kidongo Chekundu kila asubuhi kunywa methadoni yake, dawa ya kuachia unga, mbele ya nesi, kliniki ile ilofunguliwa mwaka 2015, na mchana ananisaidia dukani kupiga pasi na kukata nyuzi. Kutoka kule kizani akasema, "Huyo bibi hatumii. Mtizame mikono. Mikono yake imetulia." Mie niliyeiona picha mara mbili sikuwa nimeliona hilo. Nikarudisha nyuma. Kweli, kila mtu kwenye picha ile ana kitu cha kuchezea, sigara, ufunguo, mkia wa mbwa. Mikono ya Merab, ikiwa haina kazi, inakaa kimya kama mikono ya mtu anayesubiri zamu yake.

Zamu inafika usiku. Merab na wenzake wawili wanakuja nyumbani kwa Ree, wanamwambia wanampeleka kwenye mifupa ya baba yake. Wanamvisha gunia kichwani garini asijue njia. Kisha ni mashua ndogo, maji meusi ya ziwa, kurunzi moja. Merab anamwambia ainame atie mkono majini amvute. Msichana anatia mkono, analia, na mkono anaoukamata ni wa baba yake. Merab anauwasha msumeno wa moto.

Nitawaambia mapema: msiweke picha hii watoto wakiwa macho. Damu haionyeshwi sana, lakini mlio wa ule msumeno juu ya maji utakaa masikioni. Mama alisema "Audhubillahi" akajifunika mtandio. Kwetu maiti ana heshima yake, na kumkata maiti si jambo la kuangalia ukila njugu. Lakini ndani ya hadithi yao ile mikono ndiyo itakayompelekea sherifu, mkuu wa polisi wa kule, uthibitisho kuwa baba keshakufa, na nyumba isichukuliwe. Mkono wa kwanza ukikatika, Ree anauachia mwili unazama. Na hapo ndipo Dale Dickey anapofanya kitu ambacho sijakiona kwa muigizaji mwengine. Anamuuliza kwa nini kaachia, inahitajika yote miwili, mmoja watasema kajikata mwenyewe akimbie jela. Anasema hivyo kwa sauti ya mama anayemfundisha binti kusafisha samaki. Hana ukali, wala habembelezi. Kazi lazima ikamilike, na yeye ndiye aliyebaki wa kuikamilisha. Wiki iliyopita alimvunja uso mtoto huyo huyo. Sasa anamuokoa, kwa mkono ule ule, na usoni kwake hakuna dalili ya kuomba msamaha wala ya kutaka shukrani.

Kwa Merab alipewa tuzo ya Independent Spirit mwaka 2011, muigizaji bora msaidizi wa kike. Oscar iliiteua filamu kwa mambo manne, yeye hamo. Nimesikitika kama niliyedhulumiwa mwenyewe.

Nimemtafuta kwengine pia. Ni mtu wa Knoxville, Tennessee, kazaliwa 1961, na miaka mingi kazi yake ilikuwa kutokea dakika tano na kuondoka. Wengi wenu mmemuona bila ya kumjua jina. Kwenye tamthilia ya TV ya Breaking Bad, kipindi cha 2009, ndiye yule mke wa teja, nyumba imevunda, mtoto wao mwenye nywele nyekundu hana wa kumuosha uso. Kule yeye mwenyewe ndiye anayetumia, na mikono haitulii hata kidogo. Mtu anayetaka kujua uwezo wake aangalie vitu hivi viwili kwa kufuatana, mwaka mmoja tu kati yao. Kwenye Hell or High Water ya 2016 ndiye mama wa benki anayefika asubuhi kufungua mlango na kukuta bastola. Na mwaka 2018 Granik alimwita tena, kwenye Leave No Trace, picha ya baba aliyerudi kutoka vitani na akili imevurugika, anaishi msituni na binti yake. Wanafika kwa mwanamke mwenye nyumba za magurudumu porini, wamechoka, baba kaumia. Ni yeye. Safari hii anafungua. Anawapa pa kulala. Mie nilipomuona anafungua nilitokwa na machozi, na sidhani kama asiyeijua Winter's Bone angejua kwa nini.

Alipata kuwa stelingi akiwa na miaka 60, kwenye A Love Song ya 2022: mjane peke yake kando ya ziwa huko Colorado, anamsubiri rafiki wa zamani. Haina dawa wala polisi, inakwenda taratibu. Sikuipenda kama hizi nyengine, ingawa uso ule nikiuangalia saa nzima sichoki.

Hapa Unguja sie si wageni wa sinema. Tuna tamasha letu la Nchi za Jahazi pale Ngome Kongwe tangu 1998, na mie nimekaa kwenye zile ngazi za mawe miaka kadhaa, nimeona picha za kila pembe ya Bahari ya Hindi. Vijana wetu wanaotengeneza filamu fupi za unga nawaomba wamtazame huyu bibi. Tumeshamuona teja amelala maskani na bomba la sindano. Tumeshamuona polisi. Nani ametengeneza picha ya mama anayefunga mlango?

Kwa sababu mama'ngu aliufunga. Hili nalisema kwa ruhusa yake, nimemsomea na akasema niliache.

Kuna usiku mmoja, mdogo wangu akiwa bado kwenye unga, alikuja msichana wa mtaa wa nyuma. Hakuwa mkubwa, miaka kumi na sita, kumi na saba. Alikuwa akimtafuta kaka yake, siku mbili hajarudi, na mara ya mwisho alionekana na wetu. Mie nilikuwa chumba cha ndani, nashona magauni ya harusi ya watu, mguu kwenye cherehani. Nilisimamisha mguu nisikilize. Mama alitoka mpaka kizingitini, akashika mlango kwa mkono mmoja, akamwambia, "Hapa hakuna mtu, mwanangu. Rudi kwenu, na usirudi tena usiku." Msichana akasema samahani bibi. Mdogo wangu alikuwa chini ya uvungu wa kitanda changu, hatua nne kutoka kwangu. Alikuwa keshatwambia jioni ile kuwa wamemuacha mwenzao kwenye gofu moja, haamki. Mie niliendelea kushona.

Walimzika siku ya tatu yake. Mama alikwenda hitimani, akakaa nyuma kabisa, akarudi bila ya kula.

Nilipomuagizia binti wa mama mdogo diski hii sikujiambia kuwa ni kwa ajili ya usiku ule. Nilijiambia mama anapenda waigizaji wazuri. Lakini Merab aliposimama pale uani, mama hakunitazama mie wala TV, alitazama mlango wetu. Na kwenye mashua, wakati mie nimefumba macho, yeye alishafunua mtandio na alikuwa anaangalia, mpaka mwisho, mpaka mikono yote miwili ikaingia mfukoni.

Picha ilipokwisha umeme ulikatika, tukakaa kizani. Mdogo wangu akaingia na taa ya simu, akaiweka juu ya deki, akatoka tena. Muda ulipita.

"Huyu walau alimpeleka," mama akasema.

Sikumjibu.

"Yule msichana bado yupo pale kwao?"

Nikamwambia yupo, kaolewa, ana mtoto wa kike.

Kwa anayetaka kuinunua: paundi moja mpaka tatu ni bei ya haki kwa diski iliyotumika, hakikisheni kompyuta yenu ina sehemu ya diski, na kizeni chumba, maana ile mashua mchana haionekani kitu. Mie nitaazimisha kwa watu ninaowajua, irudi haina alama za vidole.

Asubuhi yake mama aliamka kabla ya adhana akachoma mkate wa kumimina. Ukakaa juu ya meza unapoa, iliki imejaa nyumba nzima, na sote tukajua si wetu. Baada ya chai akaufunga kwenye kanga mpya, akavaa buibui lake, akanifuata kwenye cherehani akaniuliza nyumba ya yule msichana ni ya ngapi kutoka msikitini.